Kichujio cha Injinia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Injinia alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kuifanya: kumtilia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani, na vitundu vidogo vilikuwa vimeanza kumshinda. Injinia aliisogeza sindano karibu na pua, akafumba jicho moja, na uzi ukapita mara ya kwanza.

"Macho hayo!" mama alimsifu huku akiipokea sindano. "Ila sijui kwa nini macho hayo hayo hayaoni majirani. Jana mama yake Kobe alikupungia mkono kutoka ng'ambo ya barabara, wewe ukapita kama hujui mtu. Umeanza kuota mapembe, mwanangu?"

"Sikumwona, mama."

"Mtu mzima vile na kitenge chake chekundu, hukumwona! Haya, nenda, utachelewa."

Injinia alichukua begi lake akatoka, midomo imemvimba. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, na jina hilo alipewa na wenzake siku alipoifufua projekta ya shule iliyokuwa imegoma kuwaka. Kusema kweli waya ulikuwa umechomoka tu, lakini hilo hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo walimu walimwita kila printa ilipotafuna karatasi, naye akaanza kutembea kifua mbele.

Nje alimkuta Kobe akimsubiri. Kobe alikuwa binti wa jirani, mdogo wa darasa la nne, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana akikimbia. Alipofika kwenye ngazi aliipapasa kwanza kwa mguu ndipo akanyage. Njiani alipenda kushika mkanda wa begi la Injinia, wakaenda hivyo mpaka shuleni.

Juu ya mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu kulikuwa na saa kubwa ya ukutani. Kila walipoingia getini, Kobe aliuliza swali lile lile.

"Dada Injinia, saa ngapi sasa?"

Injinia aliinua kichwa, akakodoa macho, akaona duara jeupe lenye ukungu. Basi akatazama wanafunzi walivyojaa uwanjani, akapiga hesabu zake.

"Saa moja na dakika ishirini," akasema. "Tuna muda."

Wasichana wawili wa darasa lake waliokuwa karibu walitazamana, wakaangua kicheko. Injinia hakujua kilichowachekesha, wala hakuuliza. Watu wanaojulikana kwa kujua mambo hawapendi kuuliza.

Wiki hiyo muuguzi wa macho alikuja shuleni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya upole na mkoba mkubwa begani. Alibandika chati ya herufi kwenye ukuta wa ukumbi, na wanafunzi wakajipanga, wakubwa kwa wadogo. Walio mbele walizisoma herufi kwa sauti, na Injinia, aliyekuwa katikati ya mstari, akazinasa moja moja kwa masikio.

Kobe alikuwa nyuma yake. Akamvuta sketi.

"Dada, huu ni mtihani?"

"Ni mtihani," Injinia akamjibu kwa kunong'ona. "Kwa hiyo kariri. Mstari wa chini unasema T, O, Z, L, P. Rudia."

"T, O, Z, L, P," Kobe akarudia kwa bidii. Alikuwa mtoto msikivu, ukimwambia jambo analishika.

Zamu ya Injinia ilipofika, aliisoma chati kama mtu anayesoma shairi alilolipenda. Muuguzi akatabasamu. Akafungua mkoba, akatoa chati nyingine, akaibandika juu ya ile ya kwanza.

"Hebu tujaribu na hii."

Injinia akatazama. Aliona ukuta. Akakisia herufi mbili, zote zikawa si zenyewe.

"Ulikariri, binti yangu," muuguzi akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie. "Wala hujaanza wewe. Karibu unaona vizuri sana, ila mbali macho yako hayafiki. Nitakuletea miwani, utafurahi mwenyewe." Kisha akaandika kitu kwenye tableti yake.

Injinia alitoka haraka. Wenzake walipomuuliza mlangoni, alisema, "Nimepita." Nyuma yake Kobe alitoka akicheka, karibu aparamie nguzo.

"Muuguzi amesema nitapata miwani! Amesema nitauona ubao hata nikikaa nyuma!"

Injinia hakufurahi naye. Mwaka uliotangulia kulikuwa na kijana wa darasa la saba aliyekuja shuleni na miwani. Siku hiyo hiyo aliitwa Macho Manne, na jina likamganda mpaka alipomaliza shule. Aliyelibuni jina hilo alikuwa Injinia mwenyewe. Sasa alijiona akisimama mbele ya darasa na vioo viwili usoni, na jina lile likimrudia kama mpira uliogonga ukuta. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Siku chache baadaye mwalimu wa kompyuta alimwita kwenye chumba cha kompyuta. Alikuwa mwalimu kijana, mpenda utani, na mikono ya shati lake ilikuwa na chaki wakati wote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Injinia. Nina kazi inayokufaa. Muuguzi ametutumia vipimo vyake vyote, na anataka ripoti ya wanafunzi wanaohitaji miwani. Akiipata, ndipo miwani itengenezwe. Asiyekuwemo hatengenezewi, na muuguzi hatarudi tena kupima mpaka mwaka ujao. Tuna programu hii mpya ya ripoti. Kaa tuihangaikie."

Injinia akavuta kiti, akasogeza uso kwenye skrini mpaka pua ikakaribia kuigusa. Hapo hakuna aliyemzidi. Programu iliuliza kwanza chanzo cha data, yaani taarifa zitoke wapi. Mwalimu akamweleza kuwa vyanzo ni viwili: orodha ya shule, yenye majina na madarasa, na jedwali la muuguzi, lenye namba za wanafunzi na vipimo vya macho, bila majina.

Injinia akachagua vyote viwili, akabofya. Skrini ikajaa majina yasiyokwisha. Kila mwanafunzi alitokea mara nyingi, kila mara na macho tofauti.

"Loo!" mwalimu akacheka. "Kumbe shule yetu yote ni mapacha! Umevileta vyanzo viwili lakini hujaviunganisha. Programu haijui kipimo kipi ni cha nani. Kuna kitu gani kimo huku na kule?"

"Namba ya mwanafunzi."

"Basi viunganishe kwa hiyo."

Akaunganisha, na kila mtu akapata macho yake. Kisha wakachagua safu, zile sehemu zinazoteremka kutoka juu hadi chini: jina, darasa, jicho la kulia, jicho la kushoto. Kulikuwa na safu nyingine ya maoni, ambamo muuguzi aliandika neno moja moja la kujikumbusha.

"Hiyo ya maoni iache isionekane," mwalimu akasema. "Ni yake mwenyewe. Sasa tunataka kichujio. Unajua chujio la chai? Unamimina vyote, majani yanabaki, chai inapita. Hapa nako tunaiambia programu nani apite na nani abaki. Iambie ipitishe wanaohitaji miwani tu."

Kabla Injinia hajamaliza, mwanafunzi akachungulia dirishani na kusema walimu wanaitwa kwenye kikao. Mwalimu akasimama, akajipangusa chaki.

"Malizia, kisha uchapishe. Nakuamini."

Injinia alibaki peke yake. Akaweka kichujio, akabofya. Ripoti ikatokea, safi, imepangika. Katikati yake lilikuwa jina lake.

Alijua kwamba karatasi ile ingesomwa mbele ya shule nzima. Kufuta jina lake kwenye orodha ya shule hakuruhusiwa, na kuandika kichujio chenye jina lake kungekuwa kujitangaza. Akaifungua ile safu ya maoni. Kwenye mstari wake muuguzi alikuwa ameandika neno moja: "Alikariri."

Akakumbuka sauti ya muuguzi, akaona haya upya. Halafu wazo likamjia, na wazo baya huwa halibishi hodi. Akaongeza kichujio cha pili: ripoti isimpitishe yeyote mwenye neno "alikariri" kwenye maoni. Akaificha tena safu ile. Akabofya.

Alishuka na kidole kwenye skrini akilitafuta jina lake. Halikuwepo. Akashusha pumzi. Hakutazama jina la mtu mwingine yeyote. Alichapisha, akaipeleka karatasi ofisini, na mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa akikimbilia darasani, akaitia saini akiwa amesimama.

Siku ya miwani ilifika. Wanafunzi walikusanyika uwanjani, na muuguzi akapanga visanduku vidogo juu ya meza. Kobe alikuwa mstari wa mbele kabisa, uso umesafishwa, nywele zimechanwa. Mama yake alikuwa amemfungia kitambaa laini cha kufutia vioo, akakitia kwenye mfuko wa shati lake, na tangu asubuhi Kobe alikuwa akikigusa kuhakikisha kipo.

Muuguzi akaanza kusoma majina. Aliyeitwa alikwenda mbele, akavishwa miwani, na watu wakapiga makofi. Injinia aliyashangaa makofi hayo. Hakuna aliyezomewa. Darasa la tatu, darasa la tano, darasa la saba. Visanduku vikaisha, karatasi ikakunjwa.

Kobe akainua mkono.

"Bado mimi."

Muuguzi akaikunjua karatasi, akaipitia tena. Alikuwa amepima watoto wa shule nyingi, na sura zote zilikuwa zimemchanganya. "Jina lako halimo, mwanangu."

"Lakini uliniambia nitapata. Ulisema nitauona ubao."

Mwalimu mkuu akasogea. Alikuwa mtu wa haki, lakini mwepesi wa kuamini chochote chenye muhuri. "Ripoti hii imetoka kwenye kompyuta," akasema. "Kompyuta haina sababu ya kumwonea mtu. Si vizuri kutamani kitu kwa sababu wenzako wamepata, na si vizuri kusema uongo ili ukipate."

Watoto wakaanza kucheka. "Kobe anataka urembo!" mmoja akapaza sauti.

"Sisemi uongo!" Kobe akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Nilikuwa nyuma ya Dada Injinia. Nilimwambia palepale mlangoni. Muulizeni."

Shule nzima ikageuka. Mwalimu mkuu akamtafuta Injinia kwa macho.

"Wewe ni msichana wa kutegemewa. Ulimsikia akisema hivyo?"

Ingetosha kusema ndiyo. Neno moja, fupi kuliko yote. Lakini Injinia alijua swali lingefuatwa na jingine, na jingine, mpaka wafike kwenye chumba cha kompyuta.

"Sikumbuki," akasema.

Kobe alikuwa amemgeukia. Kwa umbali ule hakuuona uso wa Injinia, na Injinia alilijua hilo kwa hakika, kwa sababu yeye naye hakuuona wa Kobe. Aliona tu shati jeupe, na mkono ukiingia mfukoni polepole, ukitoa kitambaa, ukikipeleka machoni.

Kengele ikalia, watu wakatawanyika. Injinia hakwenda darasani. Miguu ilimpeleka kwenye chumba cha kompyuta, na hapo akaifungua ripoti. Akaifungua safu ya maoni, akakiondoa kichujio cha pili.

Majina matatu yakarudi. La kwanza lilikuwa lake. La pili lilikuwa la kipa wa timu ya shule, yule wa darasa la saba ambaye shule nzima ilimcheka kwa kufungwa bao la mbali, mpira ukimpita kana kwamba haupo. La tatu lilikuwa la Kobe. Pembeni yao neno lilikuwa lile lile: alikariri, alikariri, alikariri.

Injinia akaelewa, na kuelewa kulimuuma. Nani anayekariri chati ya macho? Si anayeiona. Kichujio chake kilikuwa kimewachagua wale wale wasioona mbali kuliko wenzao wote, kikawatupa nje. Na Kobe asingekariri kama asingefundishwa. Alimfundisha mtoto, akamwadhibu kwa alichomfundisha, kisha akamkana mbele za watu. Akaficha uso mikononi, akalia kwa haya, si kwa kuogopa fimbo.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mwalimu wa kompyuta.

"Nimekutafuta darasani sikukuona. Nimekuja kuiangalia ripoti ile, maana yule mtoto hakulia kama mwongo." Akaiona skrini. "Kumbe umeshaifungua."

"Mwalimu, gari la muuguzi limeondoka?"

"Bado. Yupo ofisini anakunywa chai. Kwani vipi?"

Injinia alisimama. Alitafuta maneno ya kuanzia mbali, akakosa, akaanzia palepale. "Niliongeza kichujio. Jina langu lilikuwemo, sikutaka lisomwe. Nilitoa wote waliokariri. Sikujua kama Kobe yumo. Sikuangalia."

Mwalimu aliitazama skrini. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Na ulipoulizwa uwanjani?"

"Nilikumbuka," Injinia akasema kwa sauti ndogo. "Nilikumbuka kila kitu."

Alitegemea kugombezwa. Mwalimu akavuta kiti, akakaa kwa uzito.

"Mimi nimeitia saini karatasi hii bila kuisoma," akasema. "Jambo la afya za watoto nikalisimamia huku natembea. Kwa hiyo tunakwenda kwa muuguzi wawili, kila mmoja na lake. Twende kabla chai haijaisha."

Ofisini, mwalimu mkuu na muuguzi walisikiliza mpaka mwisho. Mwalimu wa kompyuta alisema la kwake kwanza, kisha Injinia akasema la kwake. Kila neno lilitoka kama mwiba. Alipomaliza, muuguzi aliweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe wa T, O, Z, L, P," akasema. "Na yule mdogo aliyekuwa nyuma yako alinisomea hivyo hivyo, tena kwa mahadhi yako."

"Nilimfundisha mimi."

"Mwanangu, neno lile niliandika ili nikumbuke kuwapima kwa uangalifu zaidi. Sikuliandika ili wakose miwani." Akaitazama tableti yake. "Vipimo ninavyo. Ripoti ikirekebishwa kufikia kesho, fundi atawatengenezea hao watatu, na wiki ijayo nitapita hapa nikielekea shule nyingine. Lakini hilo ni la miwani tu."

Mwalimu mkuu alikuwa amejiinamia. "Nimemwita mtoto mwongo mbele ya wenzake," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Kisha akamtazama Injinia. "Unafikiri heshima yake tutamrudishia wapi?"

Injinia alilijua jibu, na alilichukia. "Palepale, mwalimu. Uwanjani."

Jioni, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, shule ilikusanyika tena. Mwalimu mkuu alimwomba Kobe radhi kwa sauti ya kusikika mpaka getini, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Kisha akampisha Injinia.

"Kobe hakusema uongo," akasema. "Muuguzi alimwambia atapata miwani, na mimi nilisikia. Jina lake nililitoa mimi kwenye ripoti, kwa sababu nilikuwa naficha langu. Mimi nami sioni mbali. Sioni ubao. Nilipowaambia nimepita, sikupita."

Sauti nzito ikatoka nyuma, ya kipa.

"Na mimi je? Jina langu lilikuwemo?"

"Lilikuwemo. Nisamehe."

"Mwenzako nilishukuru halikusomwa!" kipa akasema akijikuna kichwa. "Muuguzi aliniambia, nikajikausha. Lakini kama ni miwani ndiyo itakayonionyesha mpira, nipeni hata mbili."

Watu wakacheka, na safari hii hakuna aliyechekwa peke yake. Kobe tu ndiye hakucheka. Alitoka na mama yake, aliyekuwa amekuja kumchukua, bila kushika mkanda wa begi la mtu yeyote. Injinia alitembea nyuma yao njia nzima, na njia ile haikuwahi kuwa ndefu kiasi kile.

Nyumbani alimweleza mama kila kitu. Mama akasimamisha cherehani.

"Kwa hiyo yule jirani hukumwona kweli?"

"Sikumwona, mama."

"Nami nikakusema mapembe." Mama akamvuta karibu. "Hilo nisamehe. La Kobe sina la kukusaidia, hilo ni lako. Kesho nenda kamwombe radhi kwao, mlangoni, siyo kwa kumwotea njiani."

Kesho yake Injinia alikwenda. Kobe alisimama nyuma ya mama yake, akasikiliza, akasema, "Haya." Hakusema zaidi. Injinia akaona ni halali yake.

Siku hiyo mwalimu wa kompyuta alimketisha tena mbele ya ripoti. Walianza upya: vyanzo viwili, namba ya kuviunganisha, safu, kichujio kimoja. Mwisho mwalimu akamwonyesha jambo ambalo hawakulifanya mara ya kwanza: kuhesabu wangapi wameingia na wangapi wamebaki nje, na kuuliza kila aliyebaki amebaki kwa nini.

"Kila kichujio kinaacha watu nje," akasema. "Ndiyo kazi yake. Kazi yako ni kuwatazama walioachwa, na wewe ulijitazama mwenyewe tu. Sasa nisikilize. Kutoona mbali si kosa. Hata kuona haya si kosa, mimi mwenyewe jana niliona haya mpaka nikakosa usingizi. Lakini ulipoamua kuificha aibu yako kwa uongo, ulihitaji pazia, na pazia lile likamfunika Kobe na kipa. Uongo wa kujificha haujui kumficha mtu mmoja. Afadhali ungesema siku ya kwanza, 'Mwalimu, sioni.' Ungeona haya dakika moja, basi."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na ukipewa kazi kwa kuaminiwa, omba ikaguliwe. Nami nitaikagua, nimekula kiapo."

Wiki iliyofuata muuguzi alipita kama alivyoahidi. Kipa alivaa yake, akatazama goli la upande wa pili wa uwanja, akasema, "Kumbe lina nyavu!" Kobe alivaa yake, akaifuta kwa kitambaa ingawa haikuwa na vumbi, akaivaa tena. Injinia alivaa yake mwisho. Alijikaza akisubiri kusikia Macho Manne. Mtu mmoja kweli akalisema, kwa sauti ya chini, na Injinia akalipokea bila kujibu, kwa kuwa alijua lilipotoka.

Asubuhi iliyofuata, alipotoka nyumbani, alimwona mama yake Kobe ng'ambo ya barabara na kitenge chake chekundu. Akamwamkia kwa sauti hata akamshtua. Kobe alikuwa pembeni. Hakushika mkanda wa begi, lakini alitembea sambamba na Injinia, kwa mwendo wa kawaida, na kwenye ngazi hakupapasa.

Walipoingia getini Kobe akainua kichwa kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu. Akakunja uso.

"Dada Injinia. Mbona ile saa inasema saa tisa na robo?"

Injinia akatazama. Aliona namba zote, na mishale miwili myeusi. Wakasimama wakisubiri, na mishale haikusogea. Kwenye kona ya kioo buibui alikuwa ameshajijengea.

"Imekufa tangu muhula uliopita," wakasema wale wasichana wawili wa darasa lake, wakipita. "Kila mtu anajua."

Injinia akakumbuka asubuhi zote alizoinua kichwa na kutoa saa kwa uhakika mkubwa. Uso ukamchoma kwa haya. Kobe akamgeukia, na kwa mara ya kwanza wakatazamana vizuri, vioo kwa vioo.

"Sasa siku zote zile ulikuwa unasoma nini?"

"Sikuwa nasoma," Injinia akasema. "Nilikuwa siioni."

Kobe akaifikiria habari hiyo. Kisha akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa sauti, mpaka miwani ikamteleza puani. "Hata mimi nilikuwa siioni! Ndiyo maana nilikuwa nakuuliza!"

Kengele ikagongwa. Kobe akasukuma miwani yake mahali pake, akanyoosha mkono, akashika mkanda wa begi.